Bwawa Linaloitikia

Jumatatu, 9 Agosti 1954

Pantoni imeharibika tena! Wasafiri wa Mahenge wamejaa kivukoni, wanapiga miayo tu. Kasmiri, jirani yangu mwenye majivuno, anawapeleka kutazama viboko. Viboko! Wanyama wanaolala majini kama magunia. Lakini watu wanamfuata, na Valeriani mwenye mgahawa wa kivukoni amesema ataajiri mtembezaji mmoja wa wageni, atakayewavuta zaidi hadi Jumapili.

Jumapili hiyohiyo, baada ya misa ya Kupalizwa, Mzee Melkiori atatoka kijijini kwake Mbingu kuja kuona kama nina kazi na nyumba inayofaa. La sivyo sipewi binti yake, Balbina. Alisema wazi. Nampenda Balbina hadi chakula hakipiti kooni. Lazima nimshinde Kasmiri.

Jumanne, 10 Agosti

Nimepata! Nyuma ya mashine ya mpunga kuna bwawa lililoachwa na mafuriko. Maji meusi. Wazee hawachoti pale. Nimeuliza kwa nini, wakajibu hawachoti tu. Safi kabisa!

Nimelibatiza jina: Bwawa la Bibi. Ukiliamkia, linaitikia. Kazi ya kuitikia ni ya binamu yangu Apolinari, atakayejificha kwenye matete. Alilalamika kwamba hana sauti ya bibi. Nikamwambia mabibi wa majini wana sauti nzito. Amekubali kwa ahadi ya jogoo wangu.

Alhamisi, 12 Agosti

Ushindi! Nilipeleka kundi zima, jua likiwa utosini. Mwalimu mmoja akavua kofia, akasema shikamoo. Hata ndege walinyamaza. Kisha, taratibu, kutoka chini kabisa: "Marahabaa." Mwalimu alikimbia akaacha kofia. Mimi mwenyewe vinyweleo vilinisimama. Nikasema moyoni, Apolinari ana kipaji!

Jioni nikampelekea jogoo. Yuko kitandani, ana homa. Dada yake Yosefina akaapa kwamba tangu jana hajanyanyua mguu. Nimerudi na jogoo wangu. Hakufanya kazi, ale kwa lipi?

Njiani nikajiuliza. Sasa aliyeitikia ni nani? Bila shaka Kasmiri, anataka kunitisha. Mshenzi!

Ijumaa, 13 Agosti

Asubuhi nilikwenda peke yangu kumfumania Kasmiri. Ukungu mtupu. Nikapekua matete yote. Hakuna mtu, hakuna hata unyayo kwenye tope. Nikasimama ukingoni. Mara hii bwawa likatangulia.

"Shikamoo," likasema.

Jamani! Mama alinilea vizuri, shikamoo haiachwi hewani hata itoke kwa adui. Kabla sijafikiri, mdomo ukasema, "Marahaba, karibu nyumbani." Karibu nyumbani! Tunaambiana hivyo kila siku na hakuna anayekuja. Likajibu, "Ahsante." Nikakimbia hadi mashineni. Wapakiaji wa mchele walicheka hadi wakakaa chini.

Jumamosi, 14 Agosti

Mkeka wa wageni umelowa. Nyayo zenye maji zinatoka mlangoni hadi mkekani. Za kurudi hakuna. Mtungi uliokuwa umejaa ni mkavu. Nimenyunyiza maji ya baraka, nilipogeuka hata chupa ilikuwa imekauka. Nyumba inanuka tope. Naogopa, sioni haya kuandika.

Nilimvamia Kasmiri. Akasema wiki nzima yuko na viboko wake, niulize kivukoni. Nimeuliza. Kweli.

Mchana Yosefina amepita, akauliza mgeni wangu anayekaa mlangoni ni nani, mbona nywele zinachuruzika. Anasema mgeni huyo amemwamkia kwa adabu sana. Yosefina hakuitikia, alikuwa na ndizi mdomoni. Akanishauri nimwombe aondoke. Mgeni niliyemkaribisha mwenyewe? Nitamwambiaje? Na Mzee Melkiori anakuja kesho!

Jumapili, 15 Agosti

Mzee alibisha hodi nikiwa jikoni nyuma, nalia na moshi. Kabla sijajibu, sauti ndani ikasema karibuni. Ikawaamkia. Balbina alikaa kimya, lakini mzee akaitikia marahaba, na kwa kuwa ana adabu kunizidi, akaongeza, "Karibu na kwetu Mbingu." Ikajibu ahsante.

Nilijua. Ningeweza kupiga kelele. Nilifunika sufuria.

Nilipoingia, mkeka ulikuwa mkavu! Mzee amefurahi mno. Kijana mwenye ndugu mwenye heshima namna ile, alisema, hawezi kuwa mtu mbaya. Posa imekubaliwa! Kazi tu ndiyo bado. Wakaondoka, mzee mbele, Balbina nyuma, na nyayo zenye maji katikati yao. Penye kona Balbina aligeuka kunitazama. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika. Jasho, bila shaka. Jua lilikuwa kali.

Nikaenda kwa Valeriani kudai kazi. Amesema sauti pekee haitoshi, viboko wa Kasmiri wanaonekana. Nikimwonyesha mkazi wa bwawa uso kwa uso, kazi yangu. Ah! Na wangu ameshakwenda Mbingu!

Basi. Kesho asubuhi naenda bwawani kukaribisha mwingine. Safari hii nitatandika mkeka wa zamani.