Mwizi wa Mashua Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Mashua imefika! Yangu! Imeletwa hadi ufukweni kwa mkokoteni wa mzee mmoja, tumbo juu kama mgonjwa. Mimi nilitembea nyuma kwa mbali ili watu wasijue ni ya nani.

Sikuinunua kwa fedha. Nimeibadilisha na cherehani ya marehemu bibi, aliyoniachia ili nijue kushona. Mjane wa mvuvi anataka kushona, mimi nataka kuvua, kila mtu akapata chake. Mama hajapata chake. Amenuna tangu juzi. Leo ametoa sharti: hadi Jumapili mashua iwe imeleta samaki hapa nyumbani. Isipoleta, itauzwa, na mimi nitakwenda kuuza dukani kwa shangazi kila siku hadi likizo iishe.

Kaunta! Wateja! Mara ya mwisho nilipoachwa pale, mama mmoja alitaka kibiriti. Nikajificha nyuma ya magunia ya unga. Alijihudumia, akajirudishia chenji, akaondoka akiniombea kwa Mungu.

Ndiyo sababu nataka kuvua. Samaki hawaulizi habari za nyumbani.

Mnunuzi keshajitokeza: binamu yangu, mtoto wa huyo huyo shangazi. Anajiita Kapteni. Ana kofia nyeupe yenye nanga mbele, lakini hajawahi kupanda chombo kinachoelea, hata beseni. Anataka kuiweka mashua mbele ya duka, aijaze maua, maharusi wapigie picha.

Maua! Afadhali ioze.

Jumanne, 5 Agosti

Ufukweni kwa fundi wa mashua. Ni stadi, kila mtu anasema, na yeye ndiye wa kwanza kusema. Shida yake mdomo. Kabla hajaitikia shikamoo yangu alianza habari za jino lake. Halafu jino la mkewe. Tukaiinua mashua upande mmoja, jua likapita kwenye mianya ya mbao kama kwenye chujio. Akasema imekaa juani miaka mingi, mbao zimesinyaa, zina kiu. Akasema ataziba kwa pamba palipo pabaya zaidi, kisha kazi yenyewe hasa ni… hapo akakumbuka harusi yake ya kwanza. Watu wakasogea kusikiliza. Wakanitazama na mimi. Masikio yakawaka moto.

Alipofika kwenye kisa cha mama mkwe nikashukuru na kuondoka, karibu nikimbie. Aliniita. Nikajifanya upepo umeichukua sauti yake.

Kazi yenyewe ataijua yeye. Nimeenda kwa fundi kutengenezewa, sikwenda kusomeshwa.

Jioni nimesoma kitabu cha mashua kutoka maktaba ya shule, cha Kiingereza. Kina sura nzima kuhusu barafu. Sasa najua kila sehemu ya mashua inaitwaje kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sijui namna ya kumwomba mtu mzima kipande cha kamba.

Jumatano, 6 Agosti

Vifaa. Sikutulia tangu asubuhi, nahangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Nanga nimepata: pasi ya mkaa iliyokatika mpini. Nzito, ina umbo zuri, na imefungwa kamba ya kuanikia nguo. (Nguo zimehamia kwenye ua wa miti.) Maboya ya mshipi: kandambili kuukuu, nimezikata vipande. Kopo la kutolea maji: la maziwa ya unga.

Yakabaki makasia. Hapo nikawa na akili! Badala ya kwenda kwa fundi na kusimuliwa meno, nikamtumia ujumbe wa simu. Niliuandika asubuhi nzima. Ulianza na Mheshimiwa Fundi, natumaini ujumbe huu utakukuta ukiwa na afya tele. Sikujua kwamba fundi haoni vizuri maandishi madogo. Mjukuu wake alimsomea kwa sauti, ufuko mzima ukisikiliza.

Nilipokwenda kuchukua makasia, wauza samaki wote waliniamkia mheshimiwa. Mmoja akaniuliza kama nimekuja na walinzi. Nikachukua makasia bila kuyatazama.

Nyumbani nikayatazama. Moja refu, moja fupi. Sikuandika urefu. Potelea mbali, hata miguu ya watu hailingani.

Alhamisi, 7 Agosti

Unyama! Hujuma!

Nimekwenda ufukweni saa ya chakula, wakati hakuna watu wa kusalimiana nao. Mashua haipo mahali pake. Nikatafuta, nikaiona. Iko chini ya maji! Imezamishwa, maji ya kufika magotini, na ndani imejazwa mawe. Mawe makubwa. Mtu aliyapanga kwa mkono.

Sihitaji polisi. Asubuhi Kapteni alionekana papo hapo ufukweni, na kofia yake, akijipiga picha.

Kisha nikafanya kazi. Nimetoa mawe yote mwenyewe, nikatoa maji kwa kopo, nikaivuta hadi mchangani. Mzee wa mkokoteni akapita. Mtu bora sana yule, hapendi maongezi. Nilimwonyesha mashua, nikamwonyesha njia ya nyumbani, akaikokota. Tumeificha nyuma ya banda la kuku, chini ya turubai. Kuku wamehama kwa hasira.

Ilikuwa imelowa hadi uti wa mgongo, masikini. Nimewasha majiko yote mawili ya mkaa na kuyaweka chini yake kabla mama hajarudi kutoka kazini. Imekauka vizuri sana. Inalia kama biskuti ukiigonga.

Kapteni hataamini macho yake Jumapili.

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi amekuja nyumbani. Macho mekundu. Akamwambia mama kwamba mashua ya binti imeibwa. Imeibwa kutoka chini ya maji! Tangu azaliwe hajaona mwizi wa namna hiyo. Akaeleza, huku akijifuta machozi kwa kofia, kwamba aliizamisha yeye kwa mikono yake na kuipakia mawe, maana mbao zilizosinyaa lazima zinywe maji siku kadhaa. Zinavimba, zinabanana, mianya inajifunga yenyewe. Ndiyo kazi yenyewe hasa. Alitaka kumweleza binti, lakini binti alikuwa na haraka.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Akasema heshima yake imekwisha. Yuko tayari kutoa randa na misumeno yake kama fidia. Mama akakataa, naye akilengwa na machozi. Ilikuwa rahisi sana kusema. Maneno matano tu: mashua iko banda la kuku. Nikatoka nyuma ya pazia, nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema karibu chai.

Akanywa chai. Akalia zaidi.

Jioni mbaya zaidi. Kapteni ameunda kamati ya kumsaka mwizi. Vijana wa mpira wote wamo. Amegawa filimbi. Mama anamwita mwanangu! Wengine mdomo uliwaponza kwa kusema sana. Mimi wangu unaniponza ukiwa umefungwa.

Lakini nina mpango. Kesho nairudisha majini kimya kimya. Fundi ataamka aikute mahali pake, atadhani mwizi ametubu. Kila mtu atafurahi. Dini pia itafaidika.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekalia kuti kavu, na kuti limekatika.

Asubuhi mapema, mimi, mzee wa mkokoteni, na mashua chini ya turubai. Nilichagua njia ya nyuma ya soko. Kumbe na kamati ya Kapteni ilichagua njia ya nyuma ya soko, kwa hoja kwamba mwizi yeyote mwenye akili angepita hapo. Ni mara ya kwanza binamu yangu kunisifu.

Filimbi! Mwizi! Mwizi! Nikakimbilia chini ya turubai. Wakalifunua. Kapteni akanitazama, akaitazama mashua, akavua kofia. Akauliza polepole kama nimejiibia mwenyewe, au kuna mtu ananisaidia.

Nikadhani mzee wa mkokoteni atanisitiri kwa ukimya wake. Leo ndiyo akaamua kusema! Alisema wiki hii ameipeleka mashua, ameirudisha, na sasa anaipeleka tena, na angependa kujua kama inaumwa, maana kama ni ugonjwa wa kuambukiza anasafirisha pia vitanda vya watoto.

Soko likacheka. Wakaitwa fundi na mama. Fundi hakukasirika, na hilo ndilo baya. Aliikumbatia mashua kwanza. Kisha akapitisha kidole chake kwenye mwanya, kikatokea upande wa pili, akanipungia nacho. Alisema nilivyoikausha, sasa inahitaji wiki nzima majini, si chini ya hapo. Akanishika bega akanikumbusha kwamba mficha uchi hazai. Mbele ya kikosi kizima cha mpira!

Mama aliniuliza jambo moja tu. Kwamba huu mdomo nilipewa wa kulia chakula peke yake? Na kwamba bibi alishona miaka yote ile, wateja wakimjia na matusi na vitambaa vibovu, akiwajibu mmoja mmoja, ili mimi niachiwe kitu.

Nikalikunja turubai, nikalikunjua, nikalikunja tena.

Kesho Jumapili.

Jumapili, 10 Agosti

Sharti ni sharti. Nimeamka na sabuni kichwani. Sabuni za mche! Ngumu, hazinywi maji haraka, zinaingia kwenye kila mwanya. Nimezipata dukani kwa shangazi kwa kunyoosha kidole. Nimeziba mashua nzima kwa kisu cha jikoni, imenukia kama hospitali.

Watu wote walikuwapo. Fundi alishika kichwa. Kapteni alikuja na shada la maua, kwa ajili ya vipimo.

Ikaelea! Naapa. Nilipiga kasia, na kwa sababu ya yale makasia mashua ikazunguka. Nikapiga tena, ikazunguka tena. Nikatupa mshipi wangu katikati ya mzunguko. Kisha nikaona povu. Povu jeupe, kila upande, mashua inatokwa na povu kama mbwa kichaa, na watoto ufukweni wanashangilia. Miguu ikalowa. Nikatoa maji kwa kopo, yakaja mengine na mapovu yake. Ilizama polepole sana. Nilikuwa na muda wa kumtazama kila mtu niliyemkwepa wiki nzima.

Mama ndiye aliyeingia majini, na gauni lake la Jumapili. Alishika kamba ya mbele akavuta, mimi nikasukuma. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anashindwa kusimama, anajishikilia kwenye mashua. Sijamwona hivyo tangu bibi afariki.

Ndani ya mashua, katikati ya povu, alikuwamo dagaa mmoja. Aliingia na maji. Nikamwonyesha mama. Nikasema, kwa sauti, watu wakisikia, kwamba kisheria mashua imeleta samaki.

Mama alimtazama yule dagaa. Akasema kumbe nikibanwa naweza kusema. Basi mashua haitauzwa, itazamishwa tena na fundi hadi ishibe maji. Lakini samaki anayetokwa na mapovu mdomoni hahesabiwi. Dukani naanza kesho.

Jumatatu, 11 Agosti

Kaunta. Wateja wengi. Nimesema karibu mara kadhaa, mara mbili kati ya hizo kwa mtu.

Mchana amekuja mgeni anayeuza injini ya mashua. Injini! Kuukuu kidogo, lakini ina rangi. Hataki fedha, anatafuta makasia, yoyote yale. Na mimi makasia ya nini tena nikiwa na injini? Nikayatoa stoo ya duka, nilikoyaweka jana, papo hapo. Amesema inawaka vizuri kabisa, ila kuna kitu kimoja lazima nikijue kabla sijaiwasha. Akaanza kueleza. Wateja wakageuka, wakaanza kututazama.

Nikamwambia nimeelewa.