Plasta ya Mguu, Plasta ya Ukuta

Jumanne, 5 Machi 1968
Andika, jirani yangu Wamucii, na usicheke. Jumapili tunafungua kanisa mpya hapa Nyeri. Mimi ndio nitakata utepe! Lakini kamati ya wamama imesema mwenye mkasi avae viatu ya kufunga. Na mguu yangu je? Kando ya kidole kubwa kumetokea mfupa, kidole yenyewe imelalia wenzake kama mlevi. Wacera wa hiyo kamati anataka hiyo mkasi. Ameniita Cucu Tangawizi, ati nyanya mwenye mguu kama tangawizi, mbele ya watu!

Jumatano, 6 Machi
Nimesindikiza binti yangu Ngendo hosipitali. Mtoto wake alizaliwa nyayo zikiangaliana, kama watu wanasengenya. Ajabu: daktari hakukata! Alisukuma pole pole, akafunga na plasta. Kila wiki anafungua, anasukuma kidogo, anafunga tena. Nikauliza kwa nini. Ati mfupa ya mtoto ni laini, inasikia ikiambiwa. Nikatoa mguu yangu. Akasema hiyo ni ya mtu mzima, haisikii plasta, nivae viatu pana. Pana! Kwani mimi ni bata? Ananinyima plasta tu.

Alhamisi, 7 Machi
Kumbe plasta iko kanisani! Fundi Mutahi anapiga ukuta plasta ya simiti. Nikamwambia mguu ni ukuta ndogo. Akakataa, ati Mungu anamwona. Nikamuuliza ni nani anajengewa nyumba, si ni huyo Mungu? Akaanza kukoroga. Nikanyoosha kidole, nikafunga kitambaa, akapaka simiti, akalainisha na mwiko. Maridadi!

Ijumaa, 8 Machi
Inawasha. Inachoma. Nzito kama jiwe ya kusagia. Kuku imelala juu yake. Wacera amekuja kunijulia hali. Ati amesikia nimejengwa, dirisha naweka lini?

Jumapili, 10 Machi
Haitoki! Mutahi akanisukuma na wilbaro mpaka hosipitali. Tukapita kanisani utepe ukikatwa. Wacera, viatu nyeusi, akanipungia mkasi. Yangu hiyo! Nililia.

Daktari akavunja na nyundo. Ngozi imeungua, kidole imerudi kulala. Hakunigombeza, hiyo ndio mbaya zaidi. Akasema tena: viatu pana. Mimi nikawa naangalia mama wa kitanda ya pili, mguu yake imeshikwa na chuma. Nikauliza ni ya nini. Ati inanyoosha.

Chuma! Sasa nimeelewa, shida ilikuwa simiti. Wamucii, kesho pitia kwa yule fundi wa mageti, umuulize kama anapima miguu.