Pumba za Ndama Asiyekuwepo

Leo nimeaibika, wenzangu. Mbele ya baba mkwe. Kwa sababu ya bakuli la pumba.

Nawaandikia barua moja nyote watatu wa bweni letu la zamani. Msomeane, maana sina nguvu ya kuyarudia haya mara tatu.

Mnajua nilipangiwa kazi kwenye shamba la ngano la serikali, huku uwanda wa Hanang. Bwana shamba msaidizi. Ngano kulia, ngano kushoto, na mimi katikati nikila mkate. Asubuhi mkate, mchana chapati, jioni mkate uliobaki. Wiki iliyopita mchumba wangu Paskalina, mwalimu kule Tlawi, akaniandikia: "Kwenye kipaimara cha mdogo wangu ulijaza kiti chako na nusu ya changu. Picha ya harusi itakaa ukutani maisha yote. Jitahidi."

Hilo "jitahidi" nililisoma mara kumi na moja. Lilikuwa upendo? Lilikuwa onyo? Na chini aliongeza: "Baba atateremka huko kutazama unavyoishi. Akiridhika, atataja siku ya harusi. Hatatoa taarifa."

Basi nikapanga mpango wa kula. (Nyuma ya chati ya mvua. Kwa rula.) Mkate, marufuku. Chapati, marufuku. Mchana na jioni maharage na mboga za majani. Asubuhi pumba za ngano kwenye maziwa mgando, maana pumba hushibisha upesi na hazinenepeshi.

Jumatano nikaenda kwa Safari, msimamizi wa mashine ya kusaga hapa kambini, nikaomba debe la pumba.

"Una ng'ombe?" akauliza. Huku pumba ni za mifugo. Watu hawazili.

Ningesema ukweli tu! Lakini foleni nzima ya akina mama ilikuwa inasikiliza.

"Nina ndama," nikasema.

"Dume?"

"Jike. Mwekundu. Ana baka jeupe usoni."

(Baka nililiongeza la nini? Nimejiuliza tangu Jumatano.)

Leo ni siku ya nne. Jumamosi, hakuna kazi, nimechelewa kuamka. Nimekaa mezani, bakuli mbele yangu, natafuna polepole kama mpango unavyotaka. Mara nasikia sauti ya Safari nje: "Hodi! Bwana shamba, nimekuletea mgeni!"

Mzee Bayo. Baba yake Paskalina. Koti zito la Mbulu, fimbo mkononi, vumbi la lori hadi kwenye nyusi. Alishuka mashineni kuuliza njia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Anatabasamu. Huyu mzee hajawahi kunitabasamia! "Safari ameniambia njiani. Una ndama jike, nawe umenyamaza! Barua zote zile, hukumtaja hata siku moja."

"Anamlisha pumba safi kabisa," Safari akadakia kwa fahari, kama vile ndama ni wake.

"Twende nimwone," akasema mzee.

Jamani, kichwa changu mnakijua. Nikawaza: nikisema amekufa, nitakuwa mtu wa mikosi. Nikisema amepotea, nitakuwa mzembe. Nikakumbuka kwamba huku watu huwekeana ng'ombe, wa kwako anakaa zizini kwa rafiki. Nikaona nimeokoka.

"Hayupo hapa, baba. Nimemweka kwa mtu, kijiji cha Hirbadaw."

"Vizuri. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi." Akaketi. Akatazama debe la pumba pembeni. Akatazama bakuli. Akainama akanusa. Kisha akakichukua kijiko changu, kikiwa na pumba zilizolowa, akakiinua kwenye mwanga.

"Ndama yuko Hirbadaw," akasema taratibu. "Hapa anakuja kula kwa kijiko?"

Safari akageukia ukuta. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Nakula mimi, baba."

"Kazini hawakulipi?"

"Wananilipa."

"Shamba lote hili la ngano, mkate umekosekana?"

"Upo. Nataka kupungua."

"Kupungua?" Tabasamu likaisha. "Ng'ombe hupungua kiangazi. Mtu hupungua akiugua. Unaumwa nini? Sema sasa, kabla sijamtoa mtoto wangu."

Barua ya Paskalina ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeitoa tu! Lakini baba yake asome kwamba binti yake ndiye aliyemlisha mkwe chakula cha ng'ombe? Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukaonekana ugonjwa.

Mzee akasimama.

"Paskalina nimemkuza kwa maziwa," akasema. "Nilikuja kutaja siku. Sasa sitaitaja. Siku utakayonionyesha huyo ndama kwa macho yangu, tutazungumza."

Akaondoka bila hata kunywa chai. Safari akamsindikiza, akifuta machozi ya kicheko.

Kufika saa kumi kambi nzima ilikuwa imesikia kwamba bwana shamba anaumwa, tena ana njaa. Jirani yangu, mama mmoja wa Kibarabaig ambaye tangu nifike tumekuwa tukisalimiana tu, akaniletea kibuyu cha maziwa. "Kunywa, mwanangu, usitufie hapa." Hakuwa anatania. Nikanywa chote. Nikala na mkate, nusu nzima, nikiwa nimesimama.

Barua ya kumjibu Paskalina nimeianza mara tatu. Kila nikifika kwenye neno "pumba" naichana.

Msinicheke. Na kama kuna mmoja wenu anayemjua mtu anayeuza ndama jike, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, aniandikie haraka. Baka ni lazima.