Pete ya Nyanya

Watu wa Singida walikusanywa mbele ya boma kwa tarumbeta, wakatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu nyanya zote zitakuwa salama. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba zilikuwa hatari. Huo ndio uliokuwa ukarimu wa serikali: ilileta ugonjwa na dawa yake katika bahasha moja.

Kazi ya kuzikagua alipewa Leonidas, aliyefika darasa la nne na kuvaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hata ikaweza kusimama bila yeye. Alikabidhiwa pete ya chuma. Nyanya iliyopenya kwenye pete ilikuwa ndogo, kwa hiyo hatari. Kanuni ya Saba ilisema nyanya iliyokataliwa ni hatari yenyewe, mbegu zake na uzao wake, na atakayeila afungiwe siku tatu, anyweshwe mafuta ya nyonyo ya kuharisha asubuhi, mchana na jioni, bila kujali cheo. Leonidas aliikariri kama sala. Alikuwa ameahidiwa na Bwana Shauri, mkuu wa boma, kwamba Mkaguzi Mkuu akija kutoka Dodoma asikute kanuni hata moja imevunjwa, atapewa viatu. Vya ngozi. Mpaka siku hiyo alisimamia sheria peku.

"Shikamoo mama," alimwambia Yustina wa Mwankoko, sokoni.

"Marahaba mwanangu."

"Nyanya zako zinaua."

"Umezila tangu hujaota meno, wewe. Ulizikwa wapi?"

Tenga zima likapenya kwenye pete. Mumewe, mzee Mughwai, akaokota moja akaitafuna mbele ya sheria. Alifungiwa stoo ya boma siku tatu, akatoka anashikilia ukuta. Leonidas akaandika: "Amepona."

Nyanya zikafukiwa nyuma ya zizi la punda wa boma. Yustina akanyang'anywa nafasi yake sokoni, na kila wiki akaja kwenye baraza ya boma kuiomba.

Mvua zikanyesha. Samadi ya punda haijasoma kanuni. Siku Mkaguzi Mkuu alipofika, mpishi Urbano alipeleka mezani sinia la nyanya nono, nyekundu, ambazo pete haikuweza hata kuzivaa. Mgeni alikula nne. Bwana Shauri alikula tano.

"Hizi ndizo nyanya za serikali!" alisema, maji ya nyanya yakimtiririka kidevuni. Boksi la viatu lilikuwa tayari kwenye kiti, karibu na mlango.

Barazani Yustina alimshika Urbano mkono. "Umezichuma wapi?"

"Zimejiotea nyuma ya zizi, mama."

Yustina akacheka mpaka akaegemea nguzo. "Leonidas, hao ni wajukuu wa nyanya zangu. Hebu nisomee ile ya saba."

Leonidas, aliyekuwa akilinda mlango, alitazama boksi. Angeweza kunyamaza. Lakini kunyamaza ni kuvunja kanuni, na kanuni ikivunjwa hakuna viatu. Aliingia, akalitoa boksi nje lisije likaambukizwa, kisha akafunga mlango kwa ufunguo.

"Fungua, mjinga wewe!" Bwana Shauri alipiga kelele. "Unajua mimi ni nani?"

"Najua, Bwana. Imeandikwa bila kujali cheo. Saini ya chini ni ya mgeni wako."

Humo ndani Mkaguzi Mkuu alisukuma sinia mbali. Alikuwa anaikumbuka saini yake.

Jioni wagonjwa walikataa kufumbua midomo, ikabidi aitwe mtu mwenye uzoefu. Mzee Mughwai alikuja mara moja, na kijiko chake mwenyewe. Kilikuwa upawa.