Mkurugenzi wa Mishikaki

Luseno alijua kazi moja tu, nayo ni kuongea. Mkahawa wa Kichina ulipofunguliwa karibu na mtaa wa Pipeline, ghorofa ya kwanza, watu wengine walisimama chini kunusa harufu ya nyama. Yeye alinusa tenda. Siku ya tatu alikuwa mtaani Jericho, mbele ya bucha ya Waruguru, amevaa viatu vipya vya ngozi vya soko la Kariokor na kadi shingoni iliyomtangaza kuwa Mkurugenzi wa Manunuzi.

"Mathe, Wachina wanataka kondoo wawili kila siku," alimnong'oneza. "Watu kumi na wawili wameiomba hiyo tenda. Nikasema hapana, hii iende kwa mtu wa mtaa. Ni bahasha kidogo tu ya kusukuma faili."

Waruguru alikuwa mwanamke wa sura ya upole, aliyepunja wateja kwenye mizani kwa miaka ishirini na kuimba kwaya kila Jumapili bila kukosa. Alifuta kisu polepole.

"Bahasha itapatikana. Lakini mimi sifanyi jambo bila wenzangu wa chama cha akina mama. Lazima washuhudie. Tualike huko kwa Wachina wako, Jumamosi, tule tukikamilisha mambo."

Luseno hakuwa na nafasi ya kubishana. Vijana watatu wa Pipeline aliowauzia kazi za godauni, kazi ambazo hazikuwahi kuwepo, walikuwa wameanza kumvizia kwenye ngazi za ploti aliyopanga, na mmoja wao alikuwa na mikono kama koleo. Angepata bahasha ile, Jumamosi hiyo hiyo angekuwa njiani kwenda Busia, mpakani. Asipoipata, angekutana na mikono ile.

Alitarajia mashahidi wawili. Jumamosi saa sita mchana waliingia mkahawani wanawake tisa wenye leso za sare, na kwa jinsi walivyovuta viti, hakuna aliyekuwa amekunywa hata chai. Luseno aliwahesabu akafurahi. Kwa akili yake, hizo zilikuwa bahasha tisa, moja sasa na nane baadaye.

Mhudumu, msichana aitwaye Kawsar, akaleta makaa mekundu katikati ya meza, kisha sinia la mishikaki ya kondoo. Yote mbichi. Sasa, mtu aliyelelewa Eastlands anajua nyama choma huja imeiva, imekatwakatwa juu ya ubao, na kachumbari pembeni. Mkurugenzi wetu akakunja uso.

"Dada, unawaletea wageni wangu nyama mbichi? Mwambie mpishi amalize kazi yake."

"Bosi, hapa kila mtu anajichomea," Kawsar akasema.

Luseno akakohoa. "Najua. Nilikuwa nakupima kama unaweza kuwaelezea wageni."

Jibu hilo alilipenda sana. Beldina, mwanachama muuza makaa, alimtazama Waruguru; Waruguru akatazama moto.

Basi wakachoma. Beldina alipepea, wengine wakageuza, na mashahidi wakashuhudia kwa meno. Sinia likaisha likaja lingine, uyoga ukafuatwa na mabawa, na mabawa yakafuatwa na kondoo tena. Mkurugenzi aliunguza mshikaki wake wa kwanza na wa pili, akaishia kula aliyochomewa. Palikuwa na mkebe wa kutupia vijiti, na shahidi mmoja aliyeangusha vyake chini alikemewa.

"Mama, tuonyeshe ustaarabu," Luseno alisema, akainama mwenyewe chini ya meza akaviokota kimoja kimoja, akavitia mkebeni.

Hatimaye Waruguru akatoa bahasha nono ya kaki, akaiweka karibu na bakuli lake la pilipili.

"Mmeona?"

"Tumeona," chama kikajibu.

"Kaa nayo, mkurugenzi. Sisi tuende jikoni tukaone nyama yetu itafikia wapi."

Wakatoka mmoja mmoja, na jiko lile lilikuwa na ngazi yake ya nyuma. Luseno aliposhtuka kuwa hawarudi, moyo wake ulijaa dharau tupu. Mijitu mizima imeacha pesa na kwenda nyumbani! Akaitia bahasha kwapani, akaelekea mlangoni akipiga mluzi.

Kawsar alikuwa hapo na mkebe. Kando yake alisimama Ondiek, bawabu.

"Vijiti mia mbili tisini na tatu, bosi. Hapa tunalipisha kwa kuhesabu vijiti. Mama amesema umewaalika wewe, na pesa uko nazo kwenye bahasha."

Luseno alicheka kama mtu mkubwa, akairarua bahasha juu ya kaunta. Zikamwagika karatasi za kufungia nyama, zimekatwa sawasawa kwa kisu kikali, ya juu ikiwa na doa la damu.

"Mimi ni Mkurugenzi wa Manunuzi hapa," akajaribu.

"Hatuna mtu kama huyo," Kawsar akasema. "Yule mama alikuja juzi akauliza. Tukamwambia anunuaye nyama ni Madamu Lin mwenyewe, jikoni."

Ondiek akavitazama viatu vya Kariokor, akamwonyesha kwa kidole avivue.

Jumatatu alfajiri Luseno alikuwa mlango wa nyuma wa mkahawa, amefungwa aproni, miguuni akala za matairi. Kazi yake ilikuwa kupokea nyama na kuitunga vijitini, mwezi mzima, hadi deni liishe. Pikipiki ikasimama. Waruguru akashuka na kondoo wawili waliochunwa na kitabu cha kupokelea.

"Weka sahihi hapa, mkurugenzi."

Luseno aliipandisha nyama kwenye mizani. Ilipungua kilo tatu kamili kuliko ilivyoandikwa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na la kusema lililokuwa kweli, na akafungua mdomo aliseme.

"Wale vijana watatu wa Pipeline walipita buchani jana," Waruguru akasema kwa upole wake wa kwaya. "Wanakutafuta sana. Sijawaambia uko wapi."

Luseno akaomba kalamu.