Mtu Huru Haombi Njia

Jumamosi, 2 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Mimi ni mtu huru. Nimekuwa huru tangu asubuhi baada ya chai. Sijatangaza kwa sababu Mama yuko sebuleni na cherehani yake, na nikichungulia tu atanituma dukani.

Chanzo ni Mjomba, mdogo wake Mama, anayelala kwenye kochi letu "kwa muda" tangu mwaka juzi. Anatengeneza mashine za fotokopi katika ofisi ya kodi, na hakuna binadamu anayechukia kodi kama yeye. Anasema kodi ni wizi wenye risiti. Nikamuuliza mshahara wake unatoka wapi. Akasema yeye halipwi, anarudishiwa. Sikuelewa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kanipa kijitabu. Hakina jalada, na kurasa za mwanzo zimeng'oka, nadhani ndizo zenye maelezo. Kimeandikwa kwa lugha ya darasani. Sasa, kwa lugha ya darasani mimi najibia mitihani, lakini kukasirika nakasirika kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo nusu ya kitabu nimeielewa na nusu nimeikasirikia tu.

Nina sababu. Ijumaa kuna mdahalo mbele ya shule nzima, na wazazi wamealikwa. Hoja: kila mtu aachiwe chake, asidaiwe cha mwenzake. Natetea mimi. Mimi! Mtu ambaye mwalimu akiita majina naitikia kwa kidole kwa kuwa sauti haitoki! Mwalimu wa mdahalo alinichagua kwa sababu ya insha yangu, akasema nikikaa kimya safari hii nafasi yangu kwenye timu inakwisha. Anayepinga ni msichana tunayemwita Wakili, kwa sababu huwezi kumwazima kalamu bila mashahidi. Mwalimu kanipa siri moja ya kuondoa woga: sema unachokiishi.

Basi nitakiishi.

Nimeanza na kapu. Kapu la Mama liko mlangoni mwa jikoni. Anayerudi nyumbani hutia chochote katika alichopata: sarafu, nusu mche wa sabuni, kiberiti. Hakuna anayekagua. Nyumba inaendeshwa kwa kapu. Nimeishi na kapu hilo miaka kumi na sita na sijawahi kuulizwa kama nakubali! Leo jirani kanipa mishumaa miwili kwa kumbebea mizigo. Nimepita mbele ya kapu na yote miwili mfukoni. Hakuna aliyeniona.

Jioni umeme ukakatika. Mama akatoa mshumaa kapuni, na mimi nikafanya hesabu zangu kwa mwanga wake. Sijui hili linahesabiwaje.

Jumapili, 3 Machi

Aibu. Aibu ya mwaka.

Kanisani nilifikiri sana. Kitabu kinasema wema wa kulazimishwa si wema. Sasa kikapu cha sadaka kinapita kila mtu anakutazama mkono. Hiyo ni hiari? Niliona Mungu mwenyewe asingependa. Nikaazimia kutoa, ndiyo, lakini kwa uhuru, watu wakishatoka.

Watu wakatoka. Nikasogea mbele polepole. Nikatia mkono kikapuni, na sarafu ikanasa kwenye uzi wa mkono wa sweta. Nikawa navuta. Ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mzee wa kanisa.

Nilitaka kueleza kuhusu hiari. Sauti haikutoka. Mwishowe nikasema, "Nilikuwa natia." Akasema wote huwa wanatia.

Akaja mpaka nyumbani. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia huyu hawezi kuiba, hana ujasiri huo, akiona panya yeye ndiye anayepisha. Mzee akaridhika, akaenda zake. Bado najiuliza kama nilitetewa au nilitukanwa.

Mama akauliza: haya, ulikuwa unafanya nini? Nikasema nitamjibu kwa maandishi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeandika barua nikaitia kapuni. "Mama mpendwa. Mimi ni mtu huru. Mkataba wa kapu sikuusaini. Kuanzia leo sidaiwi na sidai. Wako katika uhuru."

Mama kaisoma akiwa na pini mdomoni. Kaisoma mara mbili. Nilisubiri kofi au angalau hotuba. Akatoa pini moja moja, akasema sawa. Kula nitakula, yeye si mnyama, na mtoto halishwi kwa mkataba. Lakini yaliyobaki, kwa bei ya sokoni. Kisha akarudi kwenye cherehani.

Sawa? Basi? Nilikuwa nimejiandaa kwa mateso. Ushindi wa namna hii unatia wasiwasi.

Mjomba kanipa mkono, akasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Alisema hivyo akiwa na kikombe cha Mama, chai ya Mama, juu ya kochi la Mama.

Tatizo ni Kitinda. Huyu ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka tisa, na barua ameisoma. Tunalala chumba kimoja, chumba cha nyuma. Kitanda chake kiko mlangoni, changu kiko dirishani. Niliporudi jioni nimekuta mstari wa chaki ya fundi sakafuni.

"Dada, upande huu ni wangu. Ukipita unalipa."

Nikamwambia asilete utoto. Akasema yeye hadaiwi na hadai, anauza njia tu.

Nimetafuta kitabuni mahali panaposema mdogo mtu hana haki. Hamna. Kuna ukurasa mzima unaomuunga mkono.

Nimelipa penseli. Nilisahau kitambaa sebuleni, nikatoka: kifutio. Kurudi: rula. Kabla ya kulala, choo. Bikari.

Akataka kumtoza na Mjomba kwa ajili ya kochi. Mjomba kashangaa sana. Kasema undugu si biashara, jamani. Nikamtazama. Akageukia ukutani, akakoroma papo hapo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeishiwa na vifaa vya jiometri. Leo Kitinda kapandisha bei, anasema ni msimu. Msimu gani? Akasema msimu wa mimi kuhitaji kupita.

Lakini mimi nami nina akili. Kwani njia ni moja? Dirisha! Dirisha liko upande wangu. Halali kabisa.

Nimetoka kwa dirisha asubuhi na sare, nikiwa mtu huru kuliko wote mtaani. Mguu wa kwanza ulifika chini. Sketi haikufika. Ilishikwa na msumari, ikachanika kutoka pindo mpaka kiunoni, na mimi nikabaki naning'inia kama nguo kwenye kamba. Kitinda akaja dirishani. Akasema kunishusha anaweza.

Nimempa kalamu ya wino. Ile nzuri.

Shuleni nimekaa siku nzima bila kuinuka, mgongo ukutani. Wakili akanipita akasema naona unajiandaa, umeshaanza kujificha. Nilikuwa na jibu zuri sana. Limenijia saa hizi.

Alhamisi, 7 Machi

Sketi ni moja. Mdahalo kesho.

Nikaenda kwa Mama. Ni hatua chache tu, lakini nilizipiga kama naenda kuhukumiwa. Nikamwonyesha. Akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mpasuko. Akasema, "Karibu, mteja."

Nilidhani anatania.

Akasema kazi ipo na inashoneka, ila mbele yangu kuna magauni ya kwaya na suruali za karani, na wao wamewahi. Nikasema Mama, ni mimi. Akasema anaona ni mimi. Mtu huru, hadaiwi, hadai. Au kuna marekebisho kwenye barua?

Hapo ndipo ningesema kitu. Lakini kesho nasimama mbele ya shule nzima kusema mtu huru hahitaji mtu! Nikirekebisha barua leo, kesho nitasema ninachokiishi kipi? Nikachukua sketi yangu nikaondoka. Mama alinitazama mpaka mlangoni. Macho yake hayakuwa ya mfanyabiashara. Sijui yalikuwa ya nini.

Mjomba kaniokoa. Kanitolea stepla kwenye begi lake. Nikauliza kama ni yake. Akasema ni ya ofisi. Kwa hiyo ni ya kodi? Akasema ni ya umma. Umma ni nani? Akasema mtoto mwenye maswali mengi huzeeka mapema, nibane sketi yangu nimrudishie.

Nimeibana kwa pini za stepla kutoka juu mpaka chini. Inang'aa kwa nyuma kama samaki. Kwa mbali inapendeza.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Mama alikuja! Alifunga cherehani mchana kweupe, jambo asilolifanya hata akiwa na homa. Alikaa mstari wa mbele na Kitinda. Mjomba alikaa nyuma karibu na meza ya vinywaji, vya bure.

Wakili akaanza kupinga. Alisema kidole kimoja hakivunji chawa. Alisema barabara iliyotuleta hapa hakuna aliyeijenga peke yake. Watu wakapiga makofi. Kisha nikaitwa.

Nilifika kwenye mimbari. Niliweka kurasa zangu juu. Nikavuta pumzi, na pini ya kwanza ikafyatuka. Tik. Kisha tik, tik, tik, kutoka kiunoni kwenda chini. Nilishika sketi kwa mkono wa kulia. Haikutosha. Nikashika kwa yote miwili.

Hivyo ndivyo nilivyosimama: mdomo wazi, mikono yote nyuma, na ukurasa wa kwanza mbele yangu. Nikausoma, kwa sababu kukimbia nisingeweza. Sauti ilitoka! Nyembamba, lakini ilitoka. "Mtu huru hahitaji mtu." Nikafika mwisho wa ukurasa. Sina mkono wa kufunua.

Mwalimu ananitazama. Wakili anatabasamu. Nafasi yangu naiona inaondoka kwa miguu yake.

Kitinda akapanda jukwaani. Akasimama kando yangu, akaninong'oneza bei. Nikasema ndiyo. Ukurasa ukafunuliwa. "Hakuna anayemdai mwenzake chochote," nikasoma, na Kitinda akaninong'oneza kwamba ukurasa wa tatu ni ghali zaidi kwa sababu una maneno mengi. Kipaza sauti kikalisikia hilo. Ukumbi mzima ukalisikia. Watu wakaanza kuangua kicheko.

Nikaendelea. Ningefanya nini? Nikahisi mtu nyuma yangu, chini. Nikageuza shingo. Mama! Amepiga magoti nyuma ya mimbari, na sindano na uzi, anashona sketi nikiwa nimeivaa. "Simama wima," akanong'ona, "utachomwa." Nikasimama wima. Sijawahi kusimama wima namna ile maishani. Nikasoma ukurasa wa tatu na wa nne kwa sauti ambayo siijui ilikotoka, nikisema kila mmoja abebe mzigo wake na aachwe na uhuru wake, huku mdogo wangu ananifunulia na mama yangu ananishona. Nilimaliza. Mama akakata uzi kwa meno.

Makofi! Wengine walisimama. Wengine walikuwa wanalia kwa kucheka.

Waamuzi wakampa Wakili ushindi. Walisema ushahidi wake bora ulikuwa mimi.

Mwalimu kanibakiza kwenye timu. Kasema nina sauti, tena nzuri. Ila ameniomba safari ijayo nisikiishi ninachokisema.

Njiani nilimuuliza Mama gharama ya kushona. Akaniuliza gharama ipi. Akanishika mkono mpaka nyumbani, mbele za watu, na mimi na miaka kumi na sita, na sikuutoa. Nilipofika nikatia mshumaa mmoja kapuni. Mwingine nimebaki nao. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiri siku mbili na sasa nimeelewa kila kitu.

Nilikosea kabisa! Kijitabu nimemrudishia Mjomba. Ukweli ni kinyume chake, na nashangaa hakuna aliyeuona mapema: kila kitu ni cha wote. Hakuna changu, hakuna chako. Dunia nzima ni kapu!

Nimeanza mara moja. Asubuhi nimekula mkate wa Mjomba. Amepiga kelele kama mtu aliyeibiwa, nikamwambia undugu si biashara. Kisha nimevaa soksi za Kitinda na kuchukua kalamu yangu ya wino, yaani yake, yaani yetu. Ndiyo hii ninayoandikia. Kanisani kikapu kilipopita nilitia noti ya Mama, iliyokuwa kwenye mkoba wa Mama, bila kumsumbua Mama. Mzee wa kanisa alinitabasamia kwa mara ya kwanza. Mama bado hajafungua mkoba.

Kesho nitawaeleza wote. Kwa maandishi.

Nasikia nyayo. Zinakuja huku. Kitinda na Mama pamoja, na Kitinda anasema yamo yote kwenye daftari, Mama, anaandika kila siku, soma mwenyewe. Asome? Asome nini? Hapana! Daftari hili ni langu! Langu peke yangu, hakuna niliyesaini naye mkataba! Nalificha chini ya godoro la Kitinda, maana godoro ni la wo