Makoti Mawili ya Ofisi ya Malaba

Jumatatu, 7 Machi 1994

Kosa la mameneja wengi ni kudhani kwamba karani akiacha kazi ameacha pengo. Sivyo. Ameacha kiti. Kiti kinajazika.

Emukule ameondoka leo. Mkewe amelazwa, akaja mezani kwangu kuomba ruhusa kwa mdomo. Mimi sipokei maombi ya mdomo. Nilimfafanulia hayo katika memo namba 41, nikaibandika ubaoni. Aliisoma mbele ya madereva wote wa malori. Saa nne akavuka daraja. Sasa anapitisha mizigo upande wa Uganda, kwa bosi ambaye, nasikia, huwasalimu watu kila asubuhi. Benedetta, karani mwenzake, alivuka huko huko mwezi Januari. Ajabu.

Nimebaki na Alupo, mpiga chapa. Mwenye kampuni, Bwana Amollo, anakuja Ijumaa. Alisema waziwazi: akikuta chini ya watu wanne, anafunga tawi. Mimi na miaka yangu hii nirudi kijijini Amukura kulima?

Nimepata njia. Katika ofisi za nchi hii, koti likiwa kitini, mwenyewe yupo. Ametoka kidogo tu. Hakuna anayeuliza zaidi.

Jumanne, 8 Machi

Nimenunua makoti mawili ya mitumba sokoni Busia. La kijivu kwa kiti cha Emukule, la kahawia, la kike, kwa kiti cha Benedetta. Muuzaji, Mama Zilpa, aliuliza kama kuna matanga. Nikasema ni ya wafanyakazi. Akasema, basi mzee, yapige pasi vizuri, wenyewe wasije wakasikia baridi.

Alupo aliyatazama makoti, akanitazama mimi. Akauliza kwa nini naleta nguo za wafu kazini. Nilimjibu kwa memo namba 42.

Mchana dereva mmoja aliketi nusu saa mbele ya koti la kijivu, karatasi zake mapajani. Nikamuuliza anamsubiri nani. Akasema ameambiwa karani atamhudumia sasa hivi. Ameambiwa na nani, hakueleza. Alipoondoka karatasi zilikuwa zimejazwa. Mwandiko safi.

Jumatano, 9 Machi

Nimefungua mlango kwa ufunguo wangu, na hakuna mwingine mwenye ufunguo. Mkono wa koti la kijivu ulikuwa juu ya meza, umelalia kalamu. Kiti cha koti la kahawia kilikuwa kimesogea karibu na cha Alupo.

Upepo, nilijiambia. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Alupo alishinda akizungumza na makoti kwa sauti ya chini, na mara moja alicheka. Nikauliza. Akasema anawasimulia habari za mama yake, na kwamba hawa, mzee, wanangoja mtu amalize. Nikatoa memo namba 43 kukataza mazungumzo na wafanyakazi wasiokuwepo.

Saa kumi niliona memo imetiwa sahihi chini. Sahihi mbili, wala si za Alupo. Wino haujakauka. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kutia sahihi memo yangu. Nilifurahi.

Alhamisi, 10 Machi

Alupo ameomba dakika tano za kuongea nami uso kwa uso. Nikamwonyesha sanduku la barua. Akaandika barua, akaitumbukiza. Barua hufunguliwa Jumamosi. Huo ndio utaratibu, na utaratibu ndio unaowaweka watu kazini.

Ijumaa, 11 Machi

Alupo hakuja.

Bwana Amollo aliingia saa tisa. Kwa joto nilikuwa nimevua koti langu, liko kitini, nami nimesimama mlangoni na shati tu. Nikamkaribisha. Akanipita. Nikarudia kwa sauti. Akafuta jasho, akatazama viti, akauliza, sikujua anamuuliza nani, meneja yuko wapi.

Kutoka upande wa koti la kijivu alijibiwa kwa adabu kwamba ametoka kidogo, bosi.

Akauliza tangu lini.

Akajibiwa, siku nyingi sasa.

Nilimshika bega. Alijikuna tu pale niliposhika. Akaketi na makoti yale saa nzima, akitikisa kichwa, akiuliza kuhusu foleni ya malori, akisikiliza. Kisha akaandika barua, akaiacha mezani: tawi halifungwi, na kuanzia leo meneja ni karani wa meza ya dirishani.

Meza ya dirishani ni ya koti la kijivu.

Jumamosi, 12 Machi

Nimepinga uteuzi huo kwa memo namba 44. Haikukaa ubaoni. Nimeibandika mara tatu, na mara tatu imeanguka.

Nimefungua barua ya Alupo. Anasema ameitwa kazini ng'ambo ya daraja, lakini atabaki Malaba mwaka mzima nikimwambia "yoga" asubuhi, kama watu wa kwetu wanavyosalimiana. Neno hilo moja. Alisema angenisubiri darajani hadi jana asubuhi.

Nilikwenda hadi darajani. Nilimwona upande wa pili akicheka na Emukule. Nikamwita. Aligeuka, akatazama mahali niliposimama, akaendelea kucheka.

Nimeisoma tena barua yake na kosa nimeliona. Haina tarehe. Barua isiyo na tarehe haijibiwi na ofisi yoyote, na hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Wewe utakayesoma shajara hii, chukua barua zako leo, utie kila moja tarehe.